Waya wa Shaba Juu ya Mabati

Sauti ya redio iliyokosa stesheni bado inaniita. Mtu mwingine akiusikia ule mkwaruzo hunyoosha mkono akazima. Mimi husimama nikangoja, nikidhani kuna jina litakalochomoza ndani yake. Msinicheke. Nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi Soweto East, Kibera, chumba kimoja: Baba, Mama, mimi na Kyalo, mdogo wangu wa miaka minne. Baba alikuwa fundi wa nguo, lakini kibanda chake kilikuwa mtaa wa Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, kwa sababu huko ndiko alikoanzia alipotoka Machakos akiwa kijana, na wazazi walishazoea kumpelekea sare za shule za watoto wao. Alienda asubuhi kwa miguu, akarudi jioni na vipande vya uzi vimemganda suruali yote. Mama alimtoa uzi mmoja mmoja huku akimpa habari za ploti, ule ua wetu wa vyumba vya kupanga, na sisi tulijua hiyo ndiyo salamu yao.

Redio ilikuwa ya Baba. Ilikuwa ndogo, ya betri mbili, na antena yake ilivunjika siku Kyalo alipoifanya fimbo ya kuchungia mbuzi ambao hatukuwa nao. Kilichobaki kilikuwa kijiti kifupi kama kidole gumba. Baba alisema atanunua nyingine Krismasi ikipita.

Krismasi ikapita, kura zikapigwa, tukaanza kungoja matokeo. Asubuhi ya siku yalipotangazwa, Baba aliamka mapema. Cherehani yake ilikuwa ndani ya kile kibanda cha mbao, na watu walishaanza kusema vibanda vitachomwa. Akataka kuihamisha, aiweke kwa rafiki yake wa mtaa wa Riruta, awe amerudi kufikia chakula cha mchana. Mama alimwambia aiache.

"Hiyo mashine ndiyo inasomesha Mumbua," Baba akasema, akinitazama mimi huku akifunga viatu. Kisha akaniambia nimwangalie Kyalo asitoke nje ya ploti. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, maneno ya kila siku kabisa.

Jioni matokeo yakatoka na Kibera ikawaka. Sitasimulia yote niliyoyasikia kupitia ukuta wa mabati. Barabara zilifungwa, maduka yakafungwa, simu ya Mama ikaishiwa kredo ya kupigia, kisha ikazima kabisa. Mama Atieno, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mnene wa kutoka upande wa Siaya, alileta kigoda chake akakiweka mlangoni petu na kukikalia kutwa nzima. Vijana wakapita, wakauliza hapa wanaishi kina nani, wa kabila gani.

"Hapa ni kwangu," aliwajibu. "Mnataka nini kwangu?"

Wakapita.

Ni yeye aliyetuambia kuna stesheni inasoma majina kila saa saba mchana: majina ya wanaotafutwa na jamaa zao, na ya walio salama makanisani au kwenye vituo vya polisi, ambao wangetaka watu wao wajue. Nikaikimbilia redio. Sauti ya mtangazaji ilikuja ikazama, ikaja tena ikazama. Nilisikia "wa Kawangware," halafu mkwaruzo ukaimeza.

Hapo nikapata kazi. Kwa akili yangu, Baba alikuwa mahali fulani, ametoa jina lake, na jina lilikuwa likisomwa kila siku. Tatizo lilikuwa redio tu. Nikiitengeneza, nimempata.

Chini ya kitanda kulikuwa na mota ya feni iliyoungua, ambayo Baba hakuwa amepata moyo wa kuitupa. Niliichokora nikatoa waya mwembamba wa shaba, nikauparuza kwa wembe mpaka ukang'aa, nikaitundika redio ukutani juu ya kitanda, nikafunga waya kwenye kile kijiti na kuupitisha kwenye upenyo kati ya ukuta na paa. Mara ya kwanza waya uligusa bati na redio ikanyamaza kabisa, kama aliyezibwa mdomo. Nikauvisha kipande cha tyubu ya baiskeli pale ulipopita karibu na bati. Mama Atieno akanipa rimu ya baiskeli ya marehemu mumewe. "Chukua, mama. Haina safari tena." Tuliifunga juu ya mti wa kamba ya nguo, nami nikaunganisha waya hapo. Betri zilipochoka, nilizianika juani juu ya mabati.

Siku ya nne sauti ilitoka safi, hata pumzi ya mtangazaji ukaisikia. Majirani walikuja wakasimama kwenye korido. Mama mmoja alisikia jina la mpwa wake akaketi chini kwenye vumbi, akicheka na kulia. Jina la Baba halikusomwa. Nikasema kesho.

Kesho yake waya ulikuwa umefunguka. Nikalaumu upepo, nikaufunga. Siku iliyofuata ulikuwa umefunguka tena. Nikalaumu paka. Halafu nikamlaumu Kyalo, nikamfinya mkono mpaka akalia, naye masikini hakujua ni kwa nini.

Siku ya tatu nilitumwa maji, nikakuta bomba limekatika, nikarudi upesi na mtungi mtupu. Mama alikuwa amesimama juu ya kitanda, mikono juu, akifungua fundo langu taratibu, kwa uangalifu, ili waya usikatike. Saa saba ilikuwa inakaribia.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Hizo kelele zinaniumiza kichwa."

"Lakini watamsoma Baba!"

"Mumbua, wacha."

"Wewe hutaki arudi!"

Nilisema kwa sauti ya kufika kwa Mama Atieno. Mama alishuka, akaketi, akaulaza waya mapajani na kuukunja kama anayekunja nguo. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Nilimnyang'anya ule waya, nikaufunga upya, nikasikiliza majina yote hadi la mwisho. Yeye alitoka nje akafua nguo zilizokuwa safi.

Redio haikumtaja Baba hata siku moja. Barabara zilipoanza kupitika, asubuhi moja alikuja seremala aliyeitwa Wafula, ambaye kibanda chake kilipakana na cha Baba kule Kongo. Alikuja kwa miguu, mkono umefungwa kitambaa. Mama alimwona kabla hajabisha. Hakumuuliza chochote.

"Karibu, Baba Nekesa," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Umetoka mbali. Umekula?"

Akainjika chai. Wafula alishika kikombe kwa mikono miwili akalia kabla ya kufungua mdomo. Walikuwa pamoja, alisema. Baba alikuwa ameshaitoa cherehani, ameibeba begani, na njiani kwenda Riruta wakakutana na kundi la watu. Waliulizwa majina, na jina ndilo lililotaja kabila.

"Nilikimbia, Mama Mumbua," alisema. "Nilikimbia." Alirudia mpaka neno likapotea.

"Ulifanya vizuri," Mama akamwambia. "Una watoto."

Tulimzika Baba Machakos. Kibera hatukurudi kuishi tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu wawili, tulikuwa tumekaa na Mama uani kwake tukipukuchua mbaazi, nikamuuliza alijua lini.

"Siku ya pili," alisema. "Baba yako hangelala nje siku mbili bila kutuma mtu."

"Mbona hukutuambia?"

Alipukuchua maganda kadhaa kwanza. "Kyalo alikuwa anabakisha nusu ya ugali wake kila jioni. Anaufunika na sahani, anasema huu ni wa Baba. Nilitaka abakishe siku moja zaidi. Basi siku moja ikavuta nyingine. Na wewe ulikuwa na ile kazi yako. Niliogopa wataanza kusoma na majina ya waliokufa, na yule mtu wa redio atakuambia kabla yangu, mbele ya ploti nzima."

Utotoni nilidhani katika kile chumba ni mimi peke yangu niliyekuwa nikimpigania Baba. Sikujua kwamba kila mchana, juu ya kile kitanda, Mama alikuwa akitupigania sisi, tena akiwa peke yake, akiwa amekwisha kuwa mjane, bila kulia mbele yetu. Sasa nikiwaangalia wanangu wakila, najua mikono yake ilivyokuwa mizito kila ilipofungua lile fundo.

Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyomwambia siku ile.

"Maneno gani?" akauliza.

Nilimtazama usoni, na hadi leo sijui kama kweli alisahau.