Nilivyozipelekea serikali za majini habari ya kifo cha mke wangu

Wakuu, poleni na shughuli. Na mliofiwa mwaka huu nawapa mkono wa pole kabla sijasema lolote.

Nimesoma uzi mmoja humu kuhusu serikali za siri za uchawi, kwamba kila nchi duniani ina yake. Wachangiaji wametaja wafalme wa chini ya bahari na mabunge yanayokaa makaburini. Hayo mimi sijayaona. Shule yangu iliishia darasa la nane, kazi yangu ni kutunza bustani kwenye hoteli moja ya Diani, na kwangu ni Munje. Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia katika nyumba yangu tu. Nisipojua, nitasema sijui.

Marehemu mke wangu, Mwanaidi, alikuwa kiti.

Kwa wasio wa Pwani, kiti ni mtu ambaye majini humpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake. Hakulitaka jambo hilo, alilirithi kwa mama yake. Alikuwa nao watatu, kila mmoja na nchi yake. Wakipanda, mume ndiye mwenyeji. Ni mimi niliyewakaribisha, nikawaamkia na kuwawekea wanachotaka.

Wa kwanza alikuwa Mpemba. Huyo alitaka ubani na marashi, na hakufungua mazungumzo mpaka aitikiwe salamu yake yote. Alisema kwao kuna sultani na kadhi, na jini hatoki kisiwani bila ruhusa. Akichelewa kurudi anashtakiwa. "Nimeruhusiwa leo tu, mwenye nyumba, usinicheleweshe kwa maneno," ndivyo alivyokuwa akiniambia, na mwenye maneno mengi ni yeye.

Wa pili alikuwa Mborana, wa kule kaskazini kwenye nchi kavu. Kwao hakuna mfalme. Serikali ni wazee wa kisima. Wao ndio wanaopanga nani anywe kwanza na nani angoje, na neno lao halipingwi hata na jini mwenye nguvu. Alitaka maziwa kwenye kibuyu. Huyu alikuwa na utani. "Wewe mchunga maua! Hayo maua yako yanakamuliwa?" Mwanaidi akizinduka nilimhadithia, akacheka mpaka akashika ubavu, maana yeye alikuwa hakumbuki kitu.

Wa tatu alikuwa Mzungu. Alitaka meza, kitambaa cheupe na kahawa isiyo na sukari. Alisema kwao serikali ni ofisi. Ina saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa, na kila jambo linatakiwa kutolewa ripoti. Kiswahili chake alikichanganya na lugha ambayo haikuwa Kiingereza. Nafanya kazi na watalii, ningeijua. Ni Ulaya ipi, sijui.

Mtaniuliza kama ni kweli. Wakuu, sijui. Niliishi nao kama mtu anavyoishi na mashemeji, wanakuja, wanasumbua kidogo, wanaondoka, na mke wangu anabaki.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Mwanaidi aliumwa na tumbo ghafla. Hospitalini walisema ni lazima apasuliwe. Nilimwacha na binti yetu, Saumu, nikarudi nyumbani kuchukua leso na blanketi. Niliporudi nilimkuta Saumu amesimama ukumbini, mikono ameikunja kifuani. Sikuhitaji kuuliza. Mama yake alikuwa amefariki kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji.

Tukamzika hapa Munje.

Saumu hakulia. Ni msusi pale Ukunda, na kabla ya hapo mdomo wake ulikuwa hauchoki. Mteja akikaa kwake kusukwa anaondoka na habari za mji mzima. Sasa akanyamaza. Watoto wakimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, basi. Kazini haendi. Chakula anakigusagusa tu. Akawa anakaa mlangoni, mahali pale pale alipokuwa akikaa mama yake kuchambua mchele.

Nilimpeleka hospitalini aangaliwe. Daktari alisema ni huzuni, azungumzishwe. Shemeji yangu Bakari, kaka wa marehemu, ni ustadh wa madrasa. Alimsomea dua na kumpa mawaidha. Majirani walimletea uji na pole nyingi. Wakitoka nje ya ua walisema kwa sauti ya chini, nami nikawasikia: "Kiti hakikai bure. Mama kamwachia binti."

Hapo ndipo nilipoogopa kikweli. Mwanaidi alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja, "Mume wangu, hawa waishie kwangu. Saumu aachwe." Binti akikikalia kiti ni cha maisha. Hachagui siku ya kupandwa wala mahali, na wachumba wengine wakisikia wanarudi nyuma.

Nikaenda kwa Bi Nyamvula, mganga aliyekuwa akimshughulikia Mwanaidi. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamweleza yote. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Nani aliyewapa habari?"

"Habari gani, bibi?"

"Ya kifo. Chifu ulimwarifu. Imamu ulimwarifu. Kazini kwako ukaomba ruhusa. Wale je? Wametumwa na serikali zao kwa Mwanaidi, wanafika mlangoni wanamkuta binti amekaa pa mamake. Ulitaka wafikiri nini?"

Desturi hiyo sikuwa nikiijua. Kumbe kiti akifa, mwenyeji ndiye anayepeleka habari. Mama mkwe wangu alipofariki, kazi hiyo aliifanya baba mkwe, na mimi nilikuwa bado sijaoa.

"Na usidhani utawaambia wote kwa mpigo," akaendelea. "Serikali zile hazisikilizani hata kidogo. Kila mmoja utamweleza upya, kwa vile atakavyouliza mwenyewe. Wakiridhika wanakwenda zao. Wasiporidhika, binti atakalia kiti."

Bakari aliposikia alikuja juu. "Shemeji! Unataka kumpigia dada yangu ngoma na kaburi bado bichi? Hiyo ni shirki."

Nikamwambia, "Nataka Saumu atuliwe mzigo. Njia nyingine nimezimaliza."

"Mimi simo," akasema.

Siku yenyewe alikuja. Akakaa nje ya ua na tasbihi yake, akadai anapita tu.

Tulianza baada ya swala ya alasiri, uani kwangu. Bi Nyamvula alisema atawapandisha kwenye kichwa chake mwenyewe. Wanawake wawili wa jirani wakatikisa kayamba. Saumu nilimkalisha mkekani karibu na ukuta. Hakukataa, wala hakuuliza kitu.

Mpemba akatangulia. Salamu ndefu, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Mwenye nyumba, mbona kiti chetu tukikiita hakiitiki?"

"Mwanaidi amekufa," nikasema.

Wakuu, nilikuwa sijalitamka neno hilo. Nilikuwa nikisema ametutoka, ametangulia. Nikakaa chini.

"Nani aliyemwosha?" Nikawataja. "Nani aliyemswalia?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nje ya ua: "Mimi! Nilimswalia mimi, kaka yake!"

Wenye kayamba wakatazamana. Mpemba akasema kwa upole, "Mwenyezi Mungu akulipe, ustadh. Mbona umekaa juani?" Bakari akaingia ndani ya ua, akasimama kivulini.

Akapanda Mborana. Huyu hana salamu. Alikishika kibuyu cha maziwa lakini hakunywa.

"Mchunga maua. Alikwenda na kiu?"

Ningeweza kusema hapana, tukasonga mbele. Lakini sikuwepo, na sikuona jinsi ya kusema uongo juu ya mke wangu.

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa nyumbani."

"Nani alikuwepo?"

Kayamba zikanyamaza.

"Mimi," akasema Saumu.

Sauti ilikuwa imemkauka kwa kutotumika. "Aliniomba maji. Aliniomba sana. Daktari alikuwa amekataza, asinywe kitu mpaka apasuliwe. Nikamwambia mama ngoja kidogo. Akasema, Saumu mwanangu, hata ya kulowesha ulimi tu. Chupa nilikuwa nayo mkononi. Nikaificha chini ya leso niliyojifunga asiione."

Nilitaka kumwendea. Mkono wa Bi Nyamvula ukainuka, ukanizuia.

"Amri ilikuwa ya nani?" akauliza Mborana.

"Ya daktari."

"Ya nini?"

"Apone."

Mborana akakiweka kibuyu chini. Halafu akasema, "Kwetu wazee wakitoa neno kwamba ngamia huyu asinywe leo, mlinzi wa kisima hutii, hata ngamia alie vipi. Ngamia akifa, mlinzi hashtakiwi. Wazee humwendea wakakaa naye, kwa sababu kile kilio alikisikia peke yake."

Ndipo Saumu alipolia. Si kilio cha kupendeza, kilikuwa cha kumkunja mwili. Bakari alimfikia kabla yangu, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe kwenye mchanga.

"Mjomba, nilimnyima."

"Hata mimi ningemnyima, mwanangu. Wallahi ningemnyima. Tulikuwa tunamtaka arudi nyumbani."

Tukakaa naye. Sijui ni kwa muda gani.

Mzungu alipopanda, sote tulikuwa tunafuta macho. Aliuliza kifo kilitokea saa ngapi na nani alikithibitisha, nikamjibu. Akaonja kahawa, akakunja uso: "Imepoa!" Wenye kayamba wakaangua kicheko katikati ya machozi. Hata Saumu, kamasi zikimtoka. Mzungu akafunga ofisi yake, akaondoka.

Bi Nyamvula alipozinduka alituuliza wamesema nini. Nikamweleza. Nilimuuliza kama habari ya yale maji alikuwa ameipata mahali. Akasema hapana. Je, ni Mborana aliyezungumza, au ni mwanamke mtu mzima mwenye akili na huruma? Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo. Sina jibu. Bakari hataki kulizungumzia, ila tangu siku ile anapita kwetu kila jioni kabla ya kwenda msikitini.

Saumu hajapandwa na chochote. Amerudi kazini. Siku nyingine anarudi mapema, analia, namwacha alie. Chakula anakula.

Fundisho nililopata ni dogo. Mimi na binti yangu tuliishi nyumba moja katika msiba mmoja. Nilimuuliza umekula, nikamuuliza umelala. Sikumuuliza hata mara moja, ilikuwaje ulipobaki na mama? Niliogopa kusikia, nikakuita huko kuogopa kwangu huruma. Wale wa nchi za mbali, kama wapo, walikuja na serikali zao na taratibu zao, na wote watatu walifanya jambo ambalo sisi wa karibu hatukulifanya. Waliuliza.

Wanaojua zaidi yangu kuhusu serikali hizi waniongezee, na wasioamini pia waseme, sitakasirika.

Ila nina ombi. Kama humu yupo aliyewahi kumnyima mgonjwa wake maji kwa amri ya daktari, aandike hapa chini ilikuwaje. Saumu ameomba ayasome majibu mwenyewe.