Uzio Wangu wa Mabua

Nakumbuka asubuhi niliyokaa chini katikati ya mahindi, hapa hapa Igamba, nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Sikuwa nimemaliza hata mwaka kwenye ndoa. Mama mkwe alinipa kipande cha shamba nikilime mwenyewe, ili mwaka ule nyumba nzima itegemee jasho langu. Sasa majani yalikuwa yametobokatoboka na vichipukizi vya katikati vimekauka. Ukikivuta kimoja kinachomoka. Niliona wazi kwamba nitarudishwa kwetu Msangano.

Tena usinicheke, mwanangu, nilishapata wa kumlaumu. Jirani yetu alikuwa ameyasifia mahindi yangu siku chache nyuma, nikasema ana jicho baya. Nikamnunia, hata salamu yake siitikii. Ujinga wa ujana huo.

Mama mkwe alinikuta palepale. Hakunigombeza. Alinishika mkono mpaka kwenye bafu la nje, pembeni ya shamba, nililolizungushia mabua ya mavuno yaliyopita. Uzio ule niliuringia kuliko gauni langu la harusi.

"Unaona nini hapo?"

"Mabua, mama."

Akagusa bua moja kwa kidole. Kitu nilichodhani ni ganda kavu kikaruka. Kumbe ni nondo, yule kipepeo wa usiku, mdogo, rangi yake na bua ni moja. Nimeoga mbele yake siku zote nisimwone. Kisha akapasua bua kwa kisu. Ndani mlikuwa na buu la kahawia, likatikisa mkia.

"Kiwavi analala humu kiangazi chote," akasema. "Mvua ikija anajifunga ganda akawa buu, kwenye buu anatoka nondo, na nondo anataga kwenye mahindi yako. Watoto wake ndio hao wanaotoboa shina. Na mimi niliuona uzio unapendeza nikanyamaza, kwa hiyo tumekosa wote wawili."

Maneno yale yaliniponya. Tuliubomoa uzio tukauchoma, tukapanda maharage kwenye mapengo ya mahindi yaliyokufa, na kwa muda tukawa tunaoga nyuma ya khanga kuukuu. Mbegu za maharage alinipa yule yule jirani, nilipokwenda kumwomba radhi. Mwaka ule hatukulala njaa.

Sasa, mwanangu, nimeyaona mabua uliyoyaegemeza nyuma ya jiko lako, na mawingu yameanza kujikusanya. Wape ng'ombe au yachome, mvua isiyakute. Na jambo likikuharibikia, kagua kwanza ulichokijenga mwenyewe kabla hujamnunia mtu. Mungu akupe macho ya kumwona mdudu mdogo aliyejificha, akupe na jirani wa kukugawia mbegu.