Swali la Mjane wa Uyole

Juzi pale Uyole, kwenye ukumbi wa kata, mwanasheria kijana alitueleza jinsi marekebisho yalivyoingiza haki zetu kwenye Katiba. Akakaribisha maswali. Mjane mmoja, muuza viazi, akasogea mbele na kuchuchumaa, kama wanawake wa kwetu wanavyoongea na wakubwa.

“Mama, simama. Katiba inasema wote tuko sawa.”

“Nimekusikia, mwanangu. Sikuchuchumaa kwa ajili yako. Shemeji yangu amekaa nyuma yako, na shamba la marehemu analo yeye.”

Shemeji, mwenyekiti wetu wa mtaa, alikuwa meza kuu akinywa maji taratibu. Mama akabaki chini mpaka shemeji alipomwitikia kwa kichwa, ndipo akauliza swali lake.

Katiba tumeirekebisha mara nyingi. Shemeji bado.