Nilivyomfunga Mwanangu Dawa ya Chawa

Siku hizi ukisema chawa, watu wanacheka. Wanajua unamsema mpambe fulani anayemsifia bosi ili apate chochote. Mimi sicheki. Nikisikia neno hilo nasikia harufu ya dawa, na hasira inanipanda upya, kwanza kwa watu, halafu kwangu mimi mwenyewe niliyestahili zaidi.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Alisoma shule moja ya Kiingereza Mpanda mjini, zile ambazo wasichana hawanyolewi, bali kila wiki wanasuka mtindo mmoja uliopangwa na shule. Sisi tunakaa Mwamkulu. Nilimsuka mwenyewe kila Jumapili, amekaa katikati ya magoti yangu, ananisimulia ya darasani: nani kalia, nani kachapwa, nani kaleta chapati na kumnyima mwenzake.

Alhamisi moja alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi akiwa na barua. Ilisema ana chawa, asirudi mpaka awe safi. Barua peke yake ingetosha. Lakini mwalimu wake alimsimamisha mbele ya darasa, akampekua nywele kwa ncha ya kalamu, kisha akamwambia akakae nje. Na kuna mzazi mmoja, tuliyekuwa tukisalimiana naye vizuri tu, niliambiwa amesema chawa hao wametoka makambini, kwa wakimbizi.

Hapo ndipo palipouma. Wazazi wangu walikuja kutoka Burundi, wakalima, wakapewa uraia. Mimi nimezaliwa hapa hapa, sijui hata barabara ya kwenda huko. Nanunua mahindi Sibwesa, nayahifadhi nyumbani, nayauza mjini. Watu wanasonga ugali wa mahindi yangu bila kuuliza yametoka kambi gani. Mdudu mmoja akionekana kichwani mwa mwanangu, tayari tumeshakuwa wakimbizi.

Ningeweza kumnyoa tu. Lakini mtoto mmoja mwenye kipara katika shule ya watoto waliosuka ni tangazo la hadharani. Nilitaka chawa waishe kimya kimya, na waishe kabla ya Jumatatu.

Ijumaa nilimpeleka kwa daktari. Akamtazama, akaandika losheni, nikaenda kuichukua kwenye dirisha la dawa. Dada wa dirishani alinieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Nipake kwenye nywele kavu, mara moja tu. Isiingie machoni. Nisifunike kwa kitu chochote, na nisimweke karibu na moto kwa sababu dawa yenyewe inawaka. Asubuhi nioshe, nichane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu. Nirudie baada ya siku saba, tena iwapo tu nitaona chawa anayetembea. Nikaitikia ndiyo kwa kila neno, huku akilini mwangu nikigombana na yule mzazi.

Jioni nilipofungua chupa, harufu nikaijua. Ilikuwa kama dawa ya ghalani. Nikafurahi, nikajiambia hii naiweza. Miaka yote nimepambana na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, na sisi watu wa mahindi tuna namna yetu: unachanganya dawa na mahindi, unayatia kwenye gunia lenye nailoni ndani, unafunga mdomo kwa kamba, hufungui mpaka siku zitimie. Ukifungua mapema umechezea kazi. Ukiona dalili ya mdudu, unaongeza dawa.

Mara ya kwanza nilifuata maelekezo. Jumamosi asubuhi nikaosha, chawa wakaanguka kwenye beseni, wamekufa. Kazi ilikuwa imekwisha. Ningekuwa na akili ningemchana taratibu na kupika chai. Lakini nyuma ya masikio mayai meupe yalikuwa yameng'ang'ania palepale. Nikaona dawa imeshindwa. Nikapaka tena Jumamosi mchana, nikaosha jioni. Nikapaka tena Jumapili alfajiri, nikaosha kabla ya ibada. Mayai hayakuondoka. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hata yakiwa maganda matupu hubaki yamegandia kwenye unywele mpaka uyatoe kwa kitana, na kwamba kuyaona si ushahidi wa chochote. Baadaye, ndiyo. Siku ile sikumwuliza mtu, kwa sababu kuuliza ni kutangaza.

Jumapili jioni nikapaka mara ya nne. Safari hii nikakata kipande cha nailoni ya gunia, nikamfunika kichwa chote, nikakaza kwa kitambaa. Mwanangu akanikumbusha kwamba yule dada wa dirishani alikataza kufunika. Nikamjibu kwamba yule dada hajawahi kuhifadhi hata debe moja la mahindi. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatatu sikumfungua, wala sikumpeleka shule. Akaniambia kichwa kinawaka.

"Vumilia," nikamwambia, "ndiyo wanakufa hao."

Nimemwambia mwanangu maneno mengi tangu azaliwe, na hayo ndiyo nayakumbuka kuliko yote. Alivumilia. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, machozi yanamtoka bila kulia, mate yanamjaa mdomoni, anatema, anajifuta, na mimi pale pale nachambua maharage. Nilimlea hivyo. Nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba mtoto wangu hana deko. Akavumilia mpaka akatapika, na alipojaribu kusimama miguu ikawa inatetemeka, akasema haoni vizuri.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalifika kabla ya chakula cha mchana. Niliirarua ile nailoni. Ngozi nyuma ya masikio ilikuwa na malengelenge, na pale alipokuwa amejikuna siku zilizopita pamekuwa vidonda vibichi. Nikaita bodaboda, tukamweka mtoto katikati. Njia nzima nililia kwa sauti, nikasema mambo ambayo mtu mzima hayasemi mbele ya mtoto: kwamba nimemuua mwanangu, kwamba nitaitiwa polisi, kwamba sasa watasema tulijua tu, watu wa makambini ndivyo walivyo. Kichwa chake kilikuwa kimelala mgongoni kwa dereva. Nilidhani hasikii.

Hospitali walimvua nguo, wakamwosha kichwa na mwili kwa sabuni na maji mengi, wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano. Daktari alikuwa kijana mpole. Akauliza ni dawa gani, amepakwa mara ngapi, tangu lini. Nikampa chupa na kumweleza ukweli: mara nne tangu Ijumaa, na ya mwisho ilifunikwa kwa nailoni tangu jana jioni. Hapo sikuthubutu kudanganya, maana ilikuwa roho ya mtoto. Akanieleza kwamba dawa ile inapenya kwenye ngozi na kuingia mwilini. Ukiifunika inapenya zaidi, na ngozi yenye mikwaruzo haina cha kuizuia. Kipimo kinachoua chawa, alisema, kikizidishwa hakichagui tena nani wa kumdhuru. Kisha akauliza swali nililokuwa nalisubiri: nani alimpaka.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ndogo ikatoka kitandani. "Nilijipaka mwenyewe. Mama hakuwepo."

Daktari akanitazama. Muda wa kusema ulikuwepo, wala si mfupi. Niliona matone matatu ya dripu yakidondoka, moja baada ya jingine. Nikainamisha kichwa kama mama aliyechoshwa na utundu wa mwanawe. Sidhani aliamini kwamba mtoto wa miaka minane anaweza kujikaza nailoni namna ile, ila foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu nje. Akaandika kwenye daftari la mtoto kama alivyoambiwa.

Alipona. Siku ya tatu tukarudi nyumbani, macho yakawa sawa, vidonda vikakauka polepole. Nilimnyoa, yeye mwenyewe aliomba, na wala shule haikusema neno. Kipara nilichokiogopa hakikumshtua mtu yeyote. Nywele zimeota tena, lakini hanipi kichwa chake nimsuke. Anakwenda kwa jirani.

Nimejaribu mara mbili kuzungumza naye. Mara ya kwanza nilimwuliza kwa nini alimdanganya daktari. Akanijibu taratibu, kama anayemwelewesha mtoto: "Si ulisema polisi watakuja?" Mara ya pili alichukua ndoo akaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo.

Mwezi uliopita alishikwa na homa, nikampeleka zahanati na daftari lilelile. Nesi, mama wa makamo, akafunua kurasa za nyuma na kusoma, kama wanavyosoma wote. Akavua miwani. Akamwambia kwamba dawa si ya kuchezea, kwamba mtoto hajipaki dawa bila mkubwa kusimamia, kwamba hata ya kichwani inaweza kuua, na kwamba safari ile alimtesa mama yake bure. Aliongea kwa upendo, tena kwa kirefu. Binti yangu alisimama wima, mikono nyuma, homa inamchemka.

"Ndiyo, nesi," akasema. "Sitarudia."

Nesi akanigeukia. Nikamshukuru kwa kumwonya.