Mgonjwa wa Kompyuta na Mzee wa Gatuanyaga

Mimi ni mwepesi wa hasira, na ile kompyuta ilinijulia. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikisomea utabibu katika chuo kimoja mjini Thika. Kompyuta ya kujifunzia ilikuwa moja tu, imewekwa kwenye chumba chenye zulia na kufunikwa shuka jeupe kama mtoto mchanga. Kuingia humo sharti uvue viatu, maana tuliambiwa vumbi la Thika likipenya ndani ya mashine, imekwisha. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia watu wakisifu elimu ya kidijitali, mimi hukumbuka harufu ya soksi.

Ndani yake mlikuwa na sidii, yaani diski, ya mafunzo ya dharura. Unaletewa mgonjwa kwenye kioo, kando yake kuna orodha ya mambo unayoweza kumfanyia, nawe unachagua kwa kubonyeza kipanya. Mgonjwa wangu mimi alikuwa mkulima aliyepatwa na sumu ya kuua wadudu. Anatoka jasho, anatokwa na povu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta. Nilimpa hewa, nikamdunga atropini, dawa inayokausha lile povu na kuamsha moyo. Anapata nafuu, nageuka kuwaringia wenzangu, kisha anakata roho. Kioo kinaandika: mgonjwa wako amefariki, jaribu tena.

Jaribu tena! Niliona ni matusi. Ni wapi duniani mtu hufa ukaambiwa ujaribu tena? Nilimrudia, akafa. Nikamrudia, akafa. Wenzangu wakaanza kupita dirishani wakiuliza matanga ni lini. Na nikifika Ruiru, kwa shangazi yangu niliyekaa naye, alinipokea na lake.

"Leo umeua?"

"Nimeua, tata."

"Yule yule?"

"Yule yule."

"Ngai! Na huyo mtu munamzika wapi kila siku?"

Siku moja hasira zikanipanda, nikabonyeza kila kitu kilichokuwa kwenye ile orodha, hata vile nilivyokuwa nikividharau. Kimojawapo kilisema: mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni. Mimi nilidhani kuosha ni kazi ya jamaa zake, daktari hudunga sindano. Kumbe sumu ilikuwa kwenye nguo, inaendelea kuingia kupitia ngozi huku mimi nahangaika na sindano. Mkulima akapona. Nikapiga kelele mpaka nikafukuzwa chumbani, viatu mkononi.

Muhula uliofuata tulipelekwa kujifunza kazi katika chumba cha dharura cha hospitali moja ndogo. Jumamosi moja asubuhi pikapu ikaingia na mzee kutoka Gatuanyaga, amelazwa nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Alikuwa na povu mdomoni, jasho linamtiririka, na misuli ya mashavu inachezacheza. Mama aliwaambia wa getini kwamba ni malaria.

Tulipomweka kitandani, mama alinivuta kando ya pazia, akaniita kama binti yake.

"Mami, usiambie mtu. Huyu amekunywa ndawa. Ya ng'ombe."

Kwetu, kunywa dawa ni neno zito. Dawa ni ya kutibu, na ile ya dipu, ya kuua kupe wa ng'ombe, pia tunaiita dawa, lakini ukisema mtu mzima amekunywa dawa, kila mtu anaelewa kwamba ameamua kufa. Tena polisi wangeweza kuja kumngoja kando ya kitanda, kwa sababu sheria ililiona hilo kuwa kosa. Mama akaendelea. Asubuhi hiyo walikuwa wamegombana. Yeye akamwambia akitoka huko nje afadhali asirudi. Mzee akabeba pampu, akaenda kupulizia ng'ombe ile dawa ya kupe. Alipomfuata, alimkuta chini kando ya pampu.

"Ni maneno yangu," akasema. "Mimi ndio nimeua huyu."

Nilikwenda kumnong'onezea mwalimu wangu, tabibu aliyekuwa akitusimamia, naye hakupoteza muda. Atropini ikaingia. Mzee akatulia, kifua kikafunguka, mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha povu likarudi. Tukadunga tena, akatulia tena, likarudi tena, na safari hii mapigo ya moyo yalikuwa yakizidi kupungua. Mwalimu alianza kutazama zile chupa za dawa zilizobaki kama mtu anayetazama unga mwisho wa mwezi.

Mimi nilikuwa nimeshika sindano tupu, na hasira zinanipanda. Nilikuwa nimeshamwona mtu huyu. Nilikuwa nimemzika mara nyingi.

Niliinama mdomoni kwake. Povu lilikuwepo, ila halikunuka dawa. Ndipo nikatazama alivyovaa: koti zito la kanisani, limefungwa vifungo mpaka shingoni, katika jua lile la Thika. Mama ndiye aliyemvisha. Kwao mzee haendi hospitali kama mtu aliyeokotwa shambani, basi huku pikapu ikingoja na mumewe akitapatapa, alikimbia ndani kutafuta koti, akamvika juu ya shati alilokuwa nalo. Na sisi, kwa kuwa ni mzee wa heshima na mkewe amesimama pale, tulifungua vifungo viwili tu tuweze kusikiliza kifua.

"Mwalimu, nguo!" nikasema. "Tumvue!"

Mama akaruka mbele ya kitanda. "Avuliwe na nani? Na wewe? Wewe ni rika ya mtoto wangu wa mwisho!"

"Mama," mwalimu akajaribu kwa upole, "mficha uchi hazai."

"Sisi tulimaliza kuzaa kitambo!"

Wakati mwingine ningecheka. Lakini nilikuwa nimechukua mkasi, na sauti iliyonitoka sikuwa nimeipima. "Mama, chagua. Koti ama mzee."

Alinitazama kama atanizaba kofi. Kisha akageuka, akafungua vifungo vya koti mwenyewe, kimoja kimoja, akalivuta kutoka mabegani. "Hiyo ya ndani, kata," akasema.

Harufu ilitupiga sote. Shati lilikuwa limelowa mgongoni kuanzia kwenye ukosi hadi kiunoni, na ngozi chini yake ilikuwa nyekundu. Tulivaa glavu, tukalikata, tukamsugua kwa sabuni na maji, kila mahali. Mama alielekea ukutani, jinsi desturi inavyotaka. Baada ya kitambo nikaona jagi la maji limeshikwa na mkono mwingine. Alikuwa amegeuka, anamwagia mumewe maji.

Tukadunga tena, na safari hii dawa ilishika. Niliweka kipimo kifuani, nikasikia hewa ikiingia na kutoka kavu, bila mapovu. Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia, nikalia kidogo nikijifanya sabuni imeniingia machoni.

"Nani alikufundisha hiyo?" mwalimu akauliza.

"Marehemu wa kompyuta."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama peke yake hakucheka. Alikaa kando ya kitanda amekumbatia lile koti. Nikafahamu. Shati lililolowa lilieleza mgongo, halikueleza moyo. Huenda mzee alijimwagia, huenda pia alionja. Mume alikuwa amerudishwa kwake, lakini kama alitaka kurudi au la, hakuna kipimo chetu kilichoweza kumwambia, na yeye asingethubutu kuuliza.

Alasiri mzee akafumbua macho, akili timamu. Nikaona kama sitauliza mimi, hakuna atakayeuliza.

"Guka," nikamwita kama babu yangu, "ile dawa ulikunywa?"

Akanikodolea macho. "Ninywe? Ni pampu inavuja kwa mgongo. Nilisema nimalize ng'ombe kwanza." Akamtazama mkewe, akaona vile alivyokuwa, na polepole akaelewa mama alikuwa akiwaza nini siku nzima. Akavuta pumzi.

"Wewe mama," akasema, "kama ningekuwa nakunywa ndawa kwa sababu ya mdomo yako, ningekuwa nimemaliza dipu yote kitambo."

Mama akajifunika uso kwa koti la mumewe, akaangua kilio chumba kizima kikasikia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.