Nishani ya Mwoga wa Bata Mzinga

Baba yangu mdogo aliuawa vitani nikiwa msichana wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi tulikuwa na habari moja tu: amekufa, amezikwa hukohuko. Nchi ilipotulia, na mimi nimeshakuwa mwalimu huko Nabuyonga, mjumbe alifika kwa bibi huko Namatala na barua. Anaitwa kambini Jinja, akapokee nishani ya ushujaa ya mwanawe.

Tulikwenda pamoja, tukakalishwa mstari wa mbele, bibi na ushungi wake mpya. Ofisa akasoma: marehemu alirudi mara tatu kwenye mvua ya risasi, akawatoa wenzake watatu waliojeruhiwa. Alipokwenda mara ya nne, hakurudi.

Bibi akanyoosha mkono.

"Afande, samahani. Mmekosea mtu."

Nilimvuta nguo. Hakunijali.

"Wangu alikuwa mwoga. Bata mzinga wa jirani alimfukuza mpaka juu ya paa la choo, akakaa huko hadi adhuhuri. Na alikuwa na miaka kumi na tisa. Msimpe mwanangu sifa ya mtoto wa mwenzangu. Mama yake yuko mahali anaingoja."

Ofisa akaanza kupekua karatasi zake. Bendi, ikidhani amemaliza, ikapiga. Ikanyamazishwa.

Ndipo akainuka mwanamume mmoja wa makamo, mguu mmoja hana, akaja na magongo yake mpaka mbele yetu.

"Mama, ni yeye. Mimi ndiye wa tatu. Aliogopa sana. Alinibeba analia, na njia yote ananitukana. Eti mimi gunia la mahindi, eti kwetu walinilisha mawe."

"Alikutukana kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Kikimwishia, Kinubi cha kwenu."

Bibi akafikiri kidogo, kisha akajiweka sawa kitini.

"Basi ni yeye," akamwambia ofisa. "Endelea."

Nishani aliipokea kwa mikono miwili, macho makavu. Lakini baada ya chakula alimwita yule mwenye magongo, akamkalisha kando yake. Habari za vita hakuuliza. Alimtaka ayarudie matusi yote, moja baada ya jingine, bila kuruka hata lile baya kabisa. Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yakaendelea kumtoka hata alipokwisha kucheka.