Wali wa Dobi

Wewe unayesoma hapa, mara ya mwisho ulimpikia nani aliyechoka kuliko wewe? Usikimbilie kujibu. Dobi wetu naye hakuwahi kujiuliza, hadi juma lile mkewe, muuguzi, alipoanguka wodini kwa njaa. Kumbe kila siku alikuwa akirudi na kopo la chakula halijaguswa. Hakulalamika. Wali wa mumewe ulikuwa bonge moja lenye harufu ya uvundo, naye hakuwa na nguvu ya kuutafuna wala ya kugombana. Majukwaani tunawasifu wauguzi. Nyumbani tunawafungashia gundi.

Jioni moja dobi alifunga kibanda mapema, mgongo ukimuuma kwa kuinamia pasi tangu alfajiri, akamwita shemeji yake, dada wa mkewe, aje amwangalie anavyopika. Akamimina basmati kwenye beseni, akatia maji, akaanza kufikicha kwa mikono miwili.

"Shemeji! Huo mchele umekukosea nini?" dada huyo akamaka.

"Si naosha?"

"Unaua! Hiyo si kola ya shati. Punje zote umezivunja, halafu unashangaa wali unashikana."

Dobi akatazama vipande vyeupe vikielea majini. Miaka ishirini mikono yake ilijua kuosha kwa namna moja tu. Akaketi juu ya ndoo, hoi.

"Inuka, bwana. Chukua mwingine."

Safari hii aliuzungusha kwa ncha za vidole, akabadili maji mpaka yakatakata, akauloweka nusu saa, akauchuja. Vikombe viwili vya mchele, vitatu vya maji yanayochemka, chumvi, mfuniko, moto mdogo. Mara tatu mkono wake uliufuata mwiko. Mara tatu ukapigwa kofi. Moto ulipozimwa, ikabidi kungoja dakika kumi nyingine, naye akasinzia kasimama. Kisha akauchambua kwa uma. Punje zikaachana, ndefu, moja moja.

Akanyakua kopo ajaze.

"Wa moto hivyo unaufunika? Wewe shati lenye mvuke unalikunja?"

"Thubutu! Si litavunda?"

Shemeji akamtazama tu, mikono kiunoni, mpaka dobi mwenyewe akaguna na kwenda kuchukua sinia. Akautandaza wali kama anaanika nguo. Ulipopoa akaugawa, kopo dogo la mkewe na kubwa la nyumbani, akayatia yote kwenye friji. Mkewe alikuwa keshalala, sare ingali mwilini. Dobi akamvua viatu, naye akajitupa kando yake bila hata kula.

Asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni, alimwona mkewe mbele ya friji, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alifungua kopo lake dogo, akachota kwa vidole, akala. Akachota tena. Kisha akalirudisha mahali pake, akatia mkobani lile kubwa.